Kabla ya Kumchagua Muuaji, Wahesabu Wageni

Watu wakinipigia simu wakitaka niwaandalie usiku wa fumbo la mauaji, yaani sherehe ambayo wageni wanaigiza wahusika na kumsaka muuaji wa kubuni, karibu wote huanza na hadithi. Huyu anataka meli, yule anataka kasri, mwingine anataka harusi ambayo bwana harusi anakutwa amekufa kabla keki haijakatwa. Mimi huwauliza kwanza: wageni ni wangapi, na wa mwisho atafika saa ngapi? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua mchezo. Nguo za hadithi tutazishona baadaye.

Nimeendesha michezo hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, majumbani, kwenye kumbi ndogo na kwenye sherehe za ofisi. Usiku ulioharibika, mara nyingi hadithi ilikuwa nzuri tu. Aina ya mchezo ndiyo haikuwafaa waliokuja.

Aina inayopendwa zaidi ni ya mezani. Wageni huwa sita au wanane, kila mmoja na kijitabu cha mhusika wake: jina lake, alikuwa wapi usiku ule, anamdai nani, siri gani asikubali itoke. Mchezo huenda kwa raundi tatu au nne, na chakula kinaletwa kati ya raundi na raundi. Watu wanahojiana, wanakanushana, mwishoni kila mmoja anamtaja anayemshuku na muuaji anasimama. Hata mtu asiyejua kuigiza anauweza, maana la kusema limeandikwa. Shida ni jinsi ushahidi unavyogawanywa: kila mtu ana kipande chake, na kipande hicho hakina nakala kwingine.

Shida hiyo niliijua vizuri kwenye sherehe moja ya kuzaliwa, Mbezi. Viti vinane, vijitabu vinane. Uhusika wa daktari alipewa binamu wa mwenye sherehe, naye saa mbili kasoro usiku akatuma ujumbe: foleni, nakaribia. Saa tatu bado. Bahasha yake ilikaa juu ya sahani tupu, imeandikwa DAKTARI kwa kalamu nyekundu, na ndani yake ndimo ilimokuwa karatasi inayoonyesha kwamba marehemu alinyweshwa sumu saa nzima kabla ya ukelele kusikika. Bila karatasi hiyo, kila aliyekuwa sebuleni wakati wa ukelele alikuwa hana hatia, na muuaji alikuwa sebuleni. Ikabidi niifungue mwenyewe na kuisoma kwa sauti. Nilipomaliza, meza nzima ilimgeukia mtu mmoja. Mwendesha mchezo hainuki kitini kusoma kitu kisicho na uzito, na wageni walilielewa hilo papo hapo. Fumbo liliishia pale, pilau haijapakuliwa.

Tangu usiku ule, mchezo wa mezani naupeleka kwa kundi ambalo tayari liko pamoja: marafiki waliokodi nyumba ya mapumziko wikendi, au familia inayolala nyumba moja. Kama wageni wanatoka Tegeta, Mbagala na Gongo la Mboto jioni ya Ijumaa, siukubali hata nikibembelezwa.

Kwao nachagua mchezo wa kuzunguka, nao ndio ninaoupenda kuliko yote. Unachukua watu kumi na tano hadi thelathini. Raundi hakuna, au zipo mbili tu, na kila mgeni ana malengo yake: kukusanya deni, kuiba barua, kumshawishi fulani abadilishe wosia. Watu wanatembea na sahani mkononi, wanavutana pembeni, wananong'ona. Kila dalili ya lazima naiweka mahali patatu: kwa mhusika mmoja, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na ndani ya uvumi anaoujua mhusika mwingine kabisa. Anayechelewa anapokea bahasha mlangoni na kuingia kama mgeni aliyetoka safari. Asiyekuja kabisa hapunguzi kitu.

Udhaifu wake ni kwa watu wapole. Mtu mkimya katika mchezo wa kuzunguka anaweza kukaa kwenye kochi saa mbili nzima akitabasamu tu. Usimpe uhusika mkubwa ukidhani utamchangamsha, maana utamtesa. Mpe kitu ambacho wengine wanakihitaji, kwa mfano ufunguo wa sanduku, ili wao ndio wamfuate. Nimemwona dada aliyeingia akiniomba nimwache awe mtazamaji, na baada ya nusu saa wanaume watatu wamemzunguka wakipandisha bei ya ufunguo ule, naye ametulia anawasikiliza mmoja mmoja.

Wageni wakizidi arobaini, tafuta waigizaji watano au sita wabebe kisa chote, na kila meza iwe kikosi cha upelelezi chenye karatasi moja ya majibu. Kwa ofisi ndiyo njia salama, maana hakuna anayelazimika kumhoji bosi wake mbele ya watu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasiweke tu ubao wa Cluedo mezani, ule mchezo wa kukisia nani aliua, kwa silaha gani na chumba kipi. Kwa watu wanne, weka. Una washukiwa sita, silaha sita na vyumba tisa, yaani majibu 324 yanayowezekana. Ila inafaa kujua ulikotoka. Anthony Pratt, mpiga piano wa Birmingham, aliubuni wakati wa Vita Kuu ya Pili akikumbuka sherehe za kabla ya vita ambako wageni walicheza mauaji wakikimbizana vyumbani, na ubao ukaanza kuuzwa mwaka 1949. Ubao ulizaliwa na sherehe. Ukiwa na nyumba na watu thelathini, cheza kile alichokuwa akikitamani.

Michezo ya majukumu ya siri, kama Mafia aliyoianzisha Dimitry Davidoff akiwa Chuo Kikuu cha Moscow miaka ya 1980, ambamo wauaji wa siri humtoa mchezaji mmoja kila “usiku” na wenzao wakiwasaka, ni mizuri baada ya chakula kwa watu kumi hivi. Usiifanye ndiyo sherehe yenyewe, kwa kuwa anayeuawa usiku wa kwanza anabaki kuwatazama wenzake.

Sasa jambo ambalo silipuuzi kamwe. Kabla ya kukubali kazi namuuliza mwenyeji kama kuna mgeni aliyefiwa karibuni. Neno marehemu kwetu halichezewi hivi hivi, na mtu aliyetoka kuvunja matanga hapaswi kuketi mezani akisikiliza mzaha wa maiti. Ikiwa yupo, naondoa kifo na kuweka wizi. Kisa ninachokitumia zaidi ni bahasha ya mahari iliyopotea kati ya mlangoni na sebuleni, mshukiwa wa kwanza akiwa mshenga. Mashine ya mchezo haibadiliki hata kidogo: muda, nafasi, sababu, uongo mmoja. Tena wazee wanacheza vizuri kuliko vijana, kwa kuwa wanajua nani hukaa wapi siku ya mahari, nani hushika bahasha na nani haruhusiwi kuigusa. Shangazi mmoja alimnasa mwizi kwa sababu tu kijana alidai aliipokea bahasha akiwa amesimama.

Kuhusu nani awe muuaji: usimpe mwenye sherehe. Ataitwa kupiga picha, atapokea simu, atakwenda kupokea zawadi, na kila akitoweka mtu atasema ndiye. Mpe mgeni anayekuja mapema bila kukumbushwa na asiyependa kukaa katikati. Mwambie ana kwa ana, siku mbili kabla, ili akifika mlangoni mshtuko uwe umekwisha usoni.