Kapsuli kubana si mwili kukataa

Wiki iliyopita nilikuwa napitia fomu ya ridhaa ya upasuaji iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Chini ya madhara yanayoweza kutokea nikakuta: "mwili kukataa vipandikizi vya matiti". Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Saluni nako hadithi ni hiyo hiyo: fulani kaweka silikoni, mwili umeikataa, imegeuka jiwe. Wa saluni nawasamehe. Fomu, hapana.

Maana ya kapsuli kubana ni fupi. Mwili ukiwekewa kitu usichoweza kukiyeyusha wala kukisukuma nje, hukizungushia utando wa kovu. Utando huo ndio kapsuli. Kila anayewekewa kipandikizi cha titi huwa nayo, sawa na aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na kwa wengi hubaki nyembamba na laini, haina habari na mtu. Kwa baadhi hunenepa, hujivuta, hukibana kilichomo ndani. Huko kubana ndiko tatizo. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "una kapsuli" ni kama kumwambia ana ngozi.

Neno lenyewe lina ukoo mzuri. Warumi walikuwa na capsa, sanduku, hasa lile la kutunzia vitabu vya kukunja. Kisanduku kidogo kikaitwa capsula, na ndiyo hiyo tunayoimeza na maji tukiumwa. Ndugu zake tunao siku nyingi bila kujua: kaseti inatoka kwenye sanduku hilo hilo, na keshi pia, maana fedha ilianza kuitwa kwa jina la kasha lake. Basi kapsuli ni kisanduku tu, na kisanduku hakina ubaya. Ubaya uko kwenye neno la pili ambalo madaktari huliongeza, contracture, yaani kubana, linalotokana na kitenzi cha Kilatini trahere, kuvuta, kilichotuachia pia trekta. Watafsiri wengi wanalibeba la kwanza, la pili linabaki njiani.

Anayejua kukamua tui ataelewa haraka. Nazi iliyokunwa ni laini. Itie kwenye kitambaa, zungusha, kaza: mkononi unashika donge gumu la mviringo. Fungua kitambaa, machicha yamelegea kama mwanzo. Ndivyo ilivyo hapa. Daktari akikitoa kipandikizi kilichokuwa kigumu kifuani, akakiweka mezani, mara nyingi hukikuta bado laini. Silikoni haikugeuka jiwe, ilibanwa. Na titi huwa duara kama mpira kwa sababu duara ndilo umbo linalobeba ujazo ule ule kwa eneo dogo kuliko yote.

Sasa hilo "kukataa". Nadhani kosa limezaliwa na kitenzi chetu kupandikiza, ambacho tumekitwika mizigo miwili. Figo hupandikizwa, Muhimbili walianza mwaka 2017. Mfuko wa silikoni nao hupandikizwa. Lakini figo ni nyama hai ya mtu mwingine, na kinga ya mwili huitambua kuwa ngeni na kuishambulia, ndiyo maana mgonjwa humeza dawa za kuituliza kinga hiyo. Huko ndiko kukataa. Aliyewekewa silikoni hapewi dawa hizo, na kapsuli ikimbana hazitumiki kumtibu. Akiambiwa mwili wake umekataa, ataondoka akidhani damu yake ina kasoro, kumbe huenda damu ilivilia kwenye jeraha baada ya upasuaji, au bakteria wachache walijificha juu ya kipandikizi, au alichomwa mionzi baada ya kuondolewa titi kwa saratani. Mionzi huongeza sana uwezekano wa kapsuli kubana.

Hali hii hupimwa kwa madaraja manne ya daktari Mmarekani James Baker, ya miaka ya 1970. La kwanza na la pili kwa kawaida huangaliwa tu. La tatu, titi gumu na umbo limeharibika, na la nne, lenye maumivu juu ya hayo, ndiyo yanayopelekwa chumba cha upasuaji. Zamani daktari alilikamata titi kwa mikono miwili na kuliminya mpaka kovu lipasuke kwa ndani. Vipandikizi vilipasuka, damu ikavilia, hata vidole gumba vya madaktari viliumia. Njia hiyo imeachwa. Wapo wanaojaribu vidonge vya pumu, zafirlukasti au montelukasti, lakini havikuidhinishwa kwa kazi hiyo.

Kwenye upasuaji kuna kapsulotomi na kapsulektomi, na hapo pia fomu ilichanganya. Ya kwanza ni kuichana kapsuli ili ilegee. Ya pili ni kuikata na kuitoa. Herufi mbili, ek, ni "nje" kwa Kigiriki, na ndizo zinazotenganisha kuchana na kutoa. Kutoa chote mara moja, kisanduku na kilichomo bila kukifungua, ni utaratibu wa saratani, ikiwemo limfoma adimu iliyofanya vipandikizi fulani vya uso wa kukwaruza viondolewe sokoni mwaka 2019. Kapsuli inayobana tu haidai hayo kila mara, na iliyoganda kwenye mbavu ukiing'ang'ania unaweza kutoboa utando wa pafu. Mara nyingi hubadilishwa kipandikizi, pengine na mahali kinapokaa, kutoka juu ya msuli kwenda chini yake.

Kwenye ile fomu nilifuta maneno hayo nikaandika: "kovu linalozunguka kipandikizi linaweza kukibana". Mistari imeongezeka kidogo, na aliyenipa kazi ameuliza kama haiwezekani kufupisha. Nimemjibu kwamba "kapsuli kubana" inatosha, mradi asirudishe lile "kukataa".