Hakimu wa Kisutu hajamnyima ndugu yako dhamana

"Wakili, huyu hakimu kala hela ya nani? Mbona anatunyima dhamana?" Swali hili naulizwa kwenye korido ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kila mara, na leo nalijibu kwa maandishi.

Tuseme shtaka ni la mauaji. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Kisutu zinafanyika taratibu za awali tu. Ndiyo maana hakimu akishamsomea mshtakiwa shtaka humwambia hatakiwi kujibu chochote. Hata akisema "si kweli", pale hakuna mwenye mamlaka ya kulipokea jibu hilo. Na dhamana imefungwa na Bunge, si hakimu: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, yote yameorodheshwa kwenye sheria.

Halafu "upelelezi haujakamilika", kesi inaahirishwa, karandinga linarudi gereza la Keko. Anayepeleleza ni polisi, anayeshtaki ni DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Wote ni Serikali. Hakimu anaweza kuwakaripia, na wengi wanakaripia kweli, lakini hawezi kuwapelelezea.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: "Mahakama imemwachia, kisha imemkamata tena." Hapana! DPP ndiye kasema hana nia ya kuendelea na shtaka. Akishasema hivyo, hakimu hana la kufanya ila kumwachia mshtakiwa. Kuachiwa huko si kushinda kesi, kwa hiyo sheria inaruhusu ashtakiwe upya. Mama anamkumbatia mwanawe mlangoni, hawajafika getini askari wanamchukua. Hasira za mama zinamwishia hakimu, na aliyefanya uamuzi hakuwemo hata chumbani.

Mahakama ina meno, ila yapo kwenye mahakama za juu. Mei 2020 Mahakama Kuu hapa Dar ilitamka kuwa kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Uamuzi wa Rufani unanifunga, naufuata. Lakini ibara ya 107A ya Katiba inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki ni Mahakama. Bunge likishaamua kabla hakimu hajamwona mshtakiwa, kauli hiyo inabaki wapi? Jibu la kuniridhisha sijalipata.

Kwa sasa, malalamiko ya upelelezi kuchelewa yaandikie Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Weka namba ya kesi na tarehe ya kukamatwa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.