Je, wajua kwa nini aliyekata tiketi mapema ndo anakalishwa karibu na choo?

Khalati wangu alikata tiketi ya kwenda Uarabuni kumtembelea mwanawe, miezi miwili kabla, akatutangazia nyumba nzima kuwa yeye atakaa dirishani. Siku yenyewe tukatoka Likoni alfajiri maana feri haina ahadi, tukafika uwanja wa Moi pale Port Reitz masaa matatu kabla ya ndege, na bado kaunta wakampa kiti cha kati, safu ya mwisho, choo kiko nyuma ya kisogo. Kijana wa mtaani kwetu aliyenunua tiketi wiki ile ile ya safari yuko dirishani huko mbele. Khalati alinuna mpaka akatua.

Basi nikaanza kuuliza uliza kwa jamaa wanaosafiri sana, na kumbe sisi tunaponzwa na mabasi ya Mwembe Tayari. Kule ukikata tiketi unaonyeshwa viti, unasema nipe namba tatu, jina linaandikwa, mambo kwisha. Ndege sivyo. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi inakununulia nafasi tu ndani ya ndege, kiti chenyewe unapewa siku ya kuchekini, yaani kuthibitisha kuwa unasafiri, labda uwe umekilipia zaidi tangu mwanzo. Na kuchekini siku hizi ni kwenye simu, kwa hivyo khalati aliyedhani amewahi kwa masaa matatu alikuwa amechelewa kwa siku nzima, wenzake walishachagua jana yake wakiwa wamelala kitandani.

Kampuni nyingi hufungua mlango wa kuchekini masaa 24 kabla ya ndege kuruka, zingine 30, Emirates wao ni 48. Hesabu inaanzia saa ya kuruka, sio usiku wa manane, na hapa ndo waswahili wengi tunateleza: tiketi ikiandikwa 14:00 ni saa nane mchana, kwa hivyo kama ni masaa 24 mlango unafunguka jana yake saa nane mchana, sio saa mbili. Ukiwa unarudi pia angalia, saa iliyo kwenye tiketi ni ya kule unakotokea, na Dubai wako mbele yetu kwa lisaa limoja.

Kule Marekani kampuni ya Southwest ilikuwa haigawi viti kabisa, ukichekini unapewa herufi A, B ama C na namba, halafu mnaingia kwa mpangilio huo na kila mtu anakaa anapotaka. Watu walikuwa wanatega alamu ya simu, masaa 24 yakigonga tu wanabonyeza, ukichelewa dakika chache ushaangukia C na vilivyobaki ni vya katikati. Utaratibu huo uliisha Januari 2026, sasa nao wanagawa viti kama wengine.

Lakini kuwahi sio dawa ya kila kitu, na hii watu hawaisemi. Mlango ukifunguka utaona viti vizuri vingi vimefungwa. Vingine vinauzwa kwa pesa zaidi, vingine wamewekewa wateja wao wa kila siku, familia zenye watoto wachanga, walemavu. Kadiri safari inavyokaribia baadhi vinaachiliwa, kuna mtu amehamishiwa daraja la juu, mwingine ameahirisha, mara ndege yenyewe imebadilishwa na ramani ya viti inavurugika yote. Kwa hivyo mimi nachekini mapema nishike kiti chochote cha maana, halafu narudi kuchungulia tena ile programu usiku, na asubuhi tena. Wako wanaongoja makusudi hadi mwisho eti vya kati vitaisha kwanza wapewe vya pembeni. Huo kwangu ni mchezo wa pata potea, maana ndege ikiwa imeuzwa kupita viti vyake, aliyechekini mwisho ana hatari kubwa ya kuachwa.

Viti vya mlango wa dharura, vile vya kunyoosha miguu, mara nyingine simu haikupi hata ukiwahi. Lazima mfanyakazi akuone kwanza, kama una nguvu za kufungua mlango na unaelewa maelekezo, na mtoto hakai pale. Hapo kaunta ina kazi, muombe kwa upole.

Na kiti bora ni kipi? Inategemea. Ukiogopa mtikisiko kaa usawa wa mabawa, mkiani ndege hucheza zaidi. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi taka dirisha la kushoto, Kilimanjaro iko upande huo, na asubuhi mawingu huwa hayajaifunika, wakati wa kurudi inakuwa kulia. Ndege za pangaboi aina ya Dash 8-400 zina viti viwili viwili, kwa hivyo hakuna cha kati cha kuogopa, na bawa liko juu ya madirisha halikuzibii chini, ila karibu na pangaboi kelele zake mtazungumza kwa ishara.

Khalati aliporudi nilimchekinia mimi kutoka huku Likoni, akapata dirisha safu ya sita. Akanipigia alipotua. Nikamuuliza ameona nini, akasema alilala njia nzima.