Gari Moshi la Bububu: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

"Bububu imepewa jina na mlio wa gari moshi."
Ndiyo hadithi tamu kuliko zote, na watembeza wageni hawaiachi: gari moshi la kutoka mjini Unguja hadi Bububu lilikuja likinguruma bu-bu-bu, kijiji kikapata jina. Tatizo ni tarehe. Gari moshi lilianza kazi mwaka 1905. Bibi Salme, bintiye Sultani Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, na katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 anaeleza alivyokaa Bububu. Jina lilikuwapo, injini haijaja. Wanaosema asili yake ni mchemko wa maji ya chemchemi, yale yale ambayo Sultani Sayyid Barghash aliyavuta kwa mfereji hadi mjini, nao hawana ushahidi wa kukata shauri, lakini angalau hawagombani na kalenda.

"Ilikuwa tramu ya mjini."
Hapana. Tramu za umeme hupata nguvu kwenye waya wa juu. Hili letu lilikuwa la mvuke, na reli yake ilikwenda maili 7 hivi, kama kilomita 11. Kinachowachanganya watu ni kwamba lilipita mjini, kati ya nyumba za watu. Na ile picha ya kigari kinachosukumwa na vijana juu ya reli, inayozungushwa kama ya Unguja, mara nyingi ni ya Mombasa.

"Waingereza ndio walioijenga."
Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Serikali ikainunua mwaka 1911.

"Ndiyo reli ya kwanza Unguja."
Barghash alishatangulia. Mwaka 1879 alitandika yake kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na baghala; mwaka 1881 akaagiza injini kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli ikang'olewa.

"Haikubaki hata alama."
Nenda Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Tunaijua kwa matamasha na maduka ya vinyago, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa karakana ya gari moshi, na safari ya Bububu ilianzia hapo hapo. Sijui kwa nini kibao cha ukumbusho kinawashinda watu. Abiria walikoma mwaka 1922. Injini zikabaki kuvuta mawe ya ujenzi wa bandari, kazi isiyopigwa picha na mtu.