El Niño haimaanishi mafuriko kila mahali

Kila El Niño inapotajwa, magrupu ya WhatsApp hujaa ujumbe ule ule: mvua kubwa inakuja Afrika Mashariki yote, hadi milima ya Ethiopia. Una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowachanganya watu.

El Niño ni kuongezeka kwa joto la maji ya Pasifiki kwenye ikweta, hali inayojirudia kila baada ya miaka 2 hadi 7, bila ratiba. Kwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania mara nyingi huongeza mvua za vuli. Walioiona ya 1997 hawajaisahau. Nyanda za juu za Ethiopia ni habari nyingine. Mvua zao kuu hunyesha Juni hadi Septemba, na msimu huo El Niño kwa kawaida huzipunguza, kwa kuwa mzunguko wa hewa hubadilika na mawingu hayajengeki vizuri. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, na Ethiopia ikakumbwa na ukame mkubwa.

Hata vuli yetu haitegemei Pasifiki peke yake. Vuli ya 2019 haikuwa na El Niño, ila magharibi mwa Bahari ya Hindi kulikuwa na joto kuliko kawaida, na mafuriko yakaja.

Ukiletewa ujumbe huo, fungua utabiri wa msimu wa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi husika, uangalie tarehe, miezi na kanda. Utabiri halisi hutaja uwezekano, tuseme asilimia 45 ya mvua juu ya wastani, hausemi “lazima”. Ujumbe usio na tarehe wala kanda (mara nyingi ni wa miaka ya nyuma) tafadhali usiusambaze.