Insulini Haimezwi, na Friza Huiharibu

Joto la Septemba na Oktoba likipanda hapa Tabora, tunaanza kuletewa malalamiko ya aina moja: insulini "imegeuka maji", mgonjwa anajichoma na sukari haishuki. Ukifuatilia, mara nyingi chupa ilitoka dukani ikiwa salama. Imeharibikia njiani, ndani ya basi la Kaliua au Sikonge, kwenye mfuko uliowekwa karibu na injini. Nyingine zimelazwa usiku kucha kwenye friza la muuza soda kwa nia njema kabisa. Papo hapo stendi wamejitokeza wauzaji wa unga wanaouita "insulini ya kunywa". Mambo haya mawili yana mzizi mmoja: umbo la insulini yenyewe.

Insulini, inayoshusha sukari ya damu, ni homoni, yaani kemikali ya mwili inayobeba taarifa kupitia damu. Ni homoni ya peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini ya maharage na migebuka. Ina asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Glukagoni, inayopandisha sukari mtu anapokaa na njaa, ina 29. Oksitosini, anayochomwa mama akishajifungua ili mfuko wa uzazi ubane asivuje damu, ina 9 tu.

Homoni za steroidi kama kotisoli, zenye asili ya mafuta, hupenya utando wa mafuta unaozunguka seli na kufanya kazi ndani. Peptidi haziwezi. Insulini ikitoka kwenye kongosho huishia nje ya seli, ikashika kipokezi kilichopo juu ya utando, na kipokezi hicho ndicho kinachopeleka taarifa ndani. Misuli na mafuta hapo hufungua njia za kupokea sukari, nalo ini hupunguza kuimwaga kwenye damu. Kazi ikiisha, ini na figo huivunja. Dakika chache tu, nusu yake haipo tena. Ya sindano hudumu zaidi kwa kuwa hunyonywa polepole kutoka chini ya ngozi.

Ili ishike kipokezi, lazima mnyororo ubaki umejikunja katika umbo lake. Tumboni umbo hilo halidumu: asidi na vimeng'enya huisaga insulini kama vinavyosaga nyama. Kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alichomwa insulini huko Toronto tarehe 11 Januari 1922, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado hakuna kidonge cha insulini kilichoidhinishwa. Vidonge vya metformini mnavyopewa kliniki ni dawa halali ya kisukari, lakini si insulini. Tumeyasema haya mara nyingi, na inasikitisha kuona mzazi akiacha sindano za mtoto kwa sababu ya unga wa stendi. Na anayesema sindano ndiyo inapofusha anapotosha watu: macho na figo huharibiwa na sukari iliyoachwa juu kwa miaka.

Joto nalo huharibu umbo hilo, kama yai lililochemshwa lisivyorudi kuwa bichi. Kuganda pia huliharibu, kwa hiyo chupa iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi hukaa kivulini chini ya nyuzi 30 kwa takriban wiki 4. Fuateni kikaratasi cha dawa yenu. Kwa nyumba isiyo na friji, chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa husaidia kupunguza joto. Insulini ya maji lazima iwe angavu. Ya maziwa huwa na ukungu kwa asili yake, hiyo msiitupe; iogopeni ikiwa na mabonge yasiyoisha baada ya kuviringishwa taratibu viganjani.

Kwa wauzaji: insulini huuzwa kwa cheti cha daktari, na duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Mkaguzi akikuta dawa isiyosajiliwa au iliyohifadhiwa vibaya, ataihesabu mbele yako, ataandika hati ya ukamataji yenye jina la dawa, namba ya toleo na idadi, nanyi wawili mtasaini. Baki na nakala. Dawa huteketezwa chini ya usimamizi, kwa gharama ya mwenye mali. Kibali kinaweza kusimamishwa au kufutwa, na shauri likifika mahakamani adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.

Kwa mgonjwa mwenye mashaka na chupa yake: usiimwage. Andika namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, ulikoinunua na ulivyoitunza, kisha uipeleke kliniki siku hiyo hiyo. Mhudumu atajaza fomu ya njano, ya kuripoti matatizo ya dawa, nawe uombe chupa nyingine kabla ya kuondoka, kwa sababu mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini hata siku moja anaweza kulazwa akiwa mahututi.