Kiti hakijui moyoni una nini

Kwa Kiswahili, moyo ni nyama inayopiga kifuani, na pia ndimo zinamokaa huzuni na furaha. Nadhani upotofu mwingi kuhusu viti vyenye vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima mapigo ya moyo wa aliyeketi, unaanzia hapo. Kiti hupima moyo wa kwanza. Wa pili unakisiwa tu.

Dhana: bila kubandikwa nyaya, moyo haupimiki.
Unapimika. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi hurudi nyuma. Moyo nao ukisukuma damu, mwili mzima hutikisika kidogo mno, na kihisi kilichofichwa kitini hupokea mtikisiko huo hata kupitia nguo. Mwaka 2005, Jenni Anttonen na Veikko Surakka wa Chuo Kikuu cha Tampere, Ufini, walitumia kiti cha ofisi chenye utando mwembamba wa plastiki ambao ukibonyezwa hutoa umeme.

Dhana: jambo baya huupeleka moyo mbio.
Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Mtu aliyeketi akioneshwa picha ya kuchukiza, kwa sekunde chache za mwanzo moyo kwa kawaida hupunguza mwendo, kana kwamba mwili umetulia utazame vizuri. Watafiti wa Tampere waliona mapigo yakishuka zaidi kwa mambo mabaya kuliko kwa mazuri. Mabadiliko yenyewe ni madogo: pengo kati ya pigo na pigo likitoka sekunde 0.83 hadi 0.87, mapigo yameshuka kutoka 72 hadi 69 kwa dakika. Hutayahisi mwenyewe.

Dhana: basi kiti kinajua umekasirika.
Hapana. Mapigo hupanda kwa hasira, kwa furaha, kwa kahawa na kwa ngazi ulizopanda sasa hivi. Ndiyo maana mtafiti makini hupima kwanza mapigo ya mtu huyohuyo akiwa ametulia, kisha humwuliza anajisikiaje.

Dhana: kinapima muda wote.
Ukikunja mguu tu, mtikisiko wa mguu unameza ule wa moyo.

Dhana: kwa kuwa hakina nyaya, hakina madhara.
Hapa sikubali kabisa. Aliyebandikwa nyaya anajua anapimwa. Aliyeketi huenda asijue. Tangu Februari 2, 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza mifumo ya akili mnemba kukisia hisia za watu kazini na shuleni kwa vipimo vya mwili, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Mfanyakazi au mwanafunzi wa kwingineko anastahili kinga hiyohiyo.